Lehemu Inayokula Chuma

Kama una jirani fundi wa simu au wa redio, siku moja muombe akuonyeshe biti zake kuukuu, zile ncha za solda alizozitupa koponi chini ya meza. Karibu kila fundi analo kopo la namna hiyo. Zimimine kiganjani uzitazame vizuri. Nyingine zimepinda, nyingine zimekuwa nyeusi tititi, lakini nyingi zina kasoro moja: pale mbele, mahali ncha ilipokuwa ikigusa kazi, pana shimo. Si alama ya kupigwa wala ya kukatwa. Ganda la nje lipo, ndani mna uwazi.

Muulize fundi kulitokea nini. Wengi watakujibu kwa neno moja tu: feki. Biti ilikuwa feki, aliyemuuzia kule Luthuli, Nairobi, alimfanyia ujanja. Mara nyingine ni kweli. Lakini hata biti halali ya Japani au ya Ujerumani, iliyonunuliwa kwa pesa ya kuuma, mwisho wake ni kopo lile lile na shimo lile lile, ila itachelewa kufika. Aliyeila ni lehemu yenyewe, ule waya laini wa kijivu unaoweza kuukunja kwa vidole viwili. Na haili biti peke yake. Viwandani inakula pampu, inakula mabomba, na inatoboa vyungu vya chuma cha pua vyenye kuta nene. Haya ndiyo mazungumzo yetu ya leo, na usidhani ni ya mafundi tu. Yanamhusu kila mtu anayetamani kuona kazi za elektroniki zikisimama huku kwetu chini ya Mlima Kenya.

Tuanze na hesabu ya joto. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538 za Selsiasi. Bati, ambalo ndilo kiini cha lehemu, huyeyuka kwenye nyuzi 232. Lehemu ya mafundi wengi, ile yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi, huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Solda ya fundi ikipata moto sana itafika 350, au 400, au zaidi kidogo. Hapo bado kuna zaidi ya nyuzi elfu moja kabla chuma hakijaanza kuyeyuka kwa moto. Kwa hiyo moto peke yake hauwezi kushtakiwa.

Sisi ni watu wa chai, tuitumie chai. Chukua sukari uiweke peke yake kwenye sufuria kavu: itahitaji joto kali sana ndipo igeuke majimaji. Lakini hiyo hiyo sukari ukiitia katika kikombe cha chai inapotea, ijapokuwa chai haijafika popote karibu na joto hilo. Bati lililoyeyuka na chuma ndivyo vilivyo. Bati ni kimiminika, chuma ni kitu kigumu kilichotumbukizwa humo, na kimiminika kinakichukua kigumu chembe kwa chembe. Na kama ilivyo kwa chai, mambo matatu ndiyo yanayoamua kasi. Kwanza joto: chai ya moto huimaliza sukari upesi kuliko chai iliyopoa. Pili kukoroga: sukari iliyotuama chini ya kikombe hukaa, ukikoroga inaondoka. Tatu, kilichomo tayari: chai iliyokwisha kutiwa vijiko vingi haina haja tena ya sukari. Ukiyashika haya matatu, karibu kila kitu nitakachosema baadaye utakuwa umekwisha kukibashiri.

Kuna moja ambalo chai haituonyeshi. Bati halikichukui chuma tu na kukificha, linaungana nacho. Atomu moja ya chuma hushikana na atomu mbili za bati, kikazaliwa kitu kipya, kigumu na chepesi kuvunjika, ambacho hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 500. Kitu hicho hujijenga kama utando mwembamba pale metali hizi mbili zinapokutana. Lehemu ikiwa imetulia, utando huo unakaa na kwa kiasi fulani unakilinda chuma kilicho nyuma yake. Lehemu ikiwa inakwenda mbio, utando unamomonyoka, chuma kipya kinabaki uchi, kinaliwa nacho. Mchezo unaanza upya.

Na tusiulaani utando huu haraka. Bila ya utando wa namna hiyo hakuna kulehemu duniani. Lehemu hushika kwenye shaba au kwenye chuma kwa sababu bati limekubali kula kidogo cha mwenzake. Pasipo kula hakuna kushikana, lehemu ingeteleza na kuanguka. Kopo la nanasi linalotoka Thika, ukilikata ukalichunguza kwa darubini kali, ni bamba la chuma lililopakwa bati, na kati yao kuna utando huo huo wa atomu moja na mbili unaolishika bati lisibanduke. Makopo ya namna hiyo yalipewa hataza Uingereza mwaka 1810. Kwa hiyo kinachotutobolea biti ndicho kinachotutunzia chakula. Tofauti ni kwamba kwenye kopo kazi hufanywa mara moja, kwa muda mfupi sana, kisha kila kitu kikapoa. Biti inachovywa tena na tena. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa kinachokwisha ni kijiti cha kuchovyea.

Sasa twende kwenye risasi, kwa maana ndipo hadithi ilipogeuka. Risasi haina hamu na chuma. Watu wameyeyusha risasi katika masufuria ya chuma kwa karne nyingi, sufuria haikuona taabu. Katika lehemu ya zamani, risasi ilichukua zaidi ya theluthi moja ya mchanganyiko, na theluthi hiyo ilikuwa inakaa tu, haili. Ilipunguza makali ya bati. Pia ilishusha kiwango cha kuyeyuka hadi nyuzi 183, kwa hiyo kazi ilifanywa kwa joto la wastani.

Lakini risasi ni sumu, na sisi Wakenya hatuhitaji kuhubiriwa. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi katika udongo na katika damu ya watoto wao. Mama Phyllis Omido alipigania haki yao hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa ikaamuru wakazi wale walipwe shilingi bilioni 1.3. Petroli yetu nayo ilikuwa na risasi mpaka ilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka 2006, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Mwaka huo huo wa 2006, tarehe 1 Julai, sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kukataza vifaa vingi vya elektroniki vyenye risasi inayozidi asilimia 0.1 katika kila sehemu yake. Japani ilikuwa imetangulia. Viwanda vya dunia vikabadilisha lehemu.

Hapa nitaweka neno kwa mafundi kabla sijasahau. Ule moshi unaokuingia puani unapolehemu hautoki kwenye risasi. Joto la solda ni dogo mno kuifanya risasi ipae hewani. Moshi ni wa flaksi, ule utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, nao unaleta pumu, kwa hiyo dirisha lifunguliwe hata mwezi wa Julai ukungu wa Aberdare unaposhuka. Risasi inaingia kwa njia nyingine kabisa: kwa vidole. Unashika waya tangu asubuhi, saa nne unashika mandazi. Nawa mikono kwa sabuni. Na waya usiushike kwa meno. Nimeona vijana wakifanya hivyo na inatisha.

Turudi. Lehemu mpya isiyo na risasi kwa kawaida ni bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba nusu asilimia. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Nyingine ya bei nafuu ni bati zaidi ya asilimia 99 na shaba kidogo tu, inayeyuka kwenye 227. Tazama basi tulichofanya: tumemwondoa yule mpole, tumemwachia mlaji kikombe kizima, halafu tukaongeza moto. Kwa afya ya binadamu ulikuwa uamuzi sahihi na ningeupigia kura tena. Kwa chuma, ulikuwa msiba.

Ili uone msiba huo, lazima nikueleze mashine ya wimbi. Fikiria chungu kikubwa cha chuma chenye mamia ya kilo za lehemu iliyoyeyuka, joto nyuzi 250 au 260. Ndani ya chungu mna pampu yenye panga zinazozunguka, inayosukuma lehemu ipande kwenye mdomo mpana na kumwagika, likatokea wimbi lililosimama mahali pamoja. Juu yake unapita mkanda uliobeba bodi. Kila bodi imekwisha kupulizwa flaksi na kupashwa moto. Tumbo lake linagusa wimbi kwa sekunde chache, na viungo vyote vinashikwa kwa mpigo mmoja. Kazi ambayo fundi angeifanya asubuhi nzima inakwisha kabla hujapiga chafya. Bodi za simu za leo haziendi kwenye wimbi, zinapakwa lehemu ya uji na kuokwa, lakini chaja, redio, mita za stima na vidhibiti vya sola bado vina vipande vyenye miguu inayopenya bodi, na miguu hiyo ndiyo kazi ya wimbi.

Vyungu hivyo, na pampu zake, zamani vilitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, cha aina ile ya masinki na vyombo vya maziwa. Na kwa lehemu ya risasi vilidumu miaka mingi. Chuma hicho kinajilinda kwa ngozi ya oksidi ya kromiamu, nyembamba mno kiasi cha kutoonekana, na bati haliwezi kushika juu ya oksidi. Ngozi ikiwa nzima, chuma ni salama. Lakini flaksi imeumbwa kwa kazi moja, nayo ni kula oksidi! Hatuwezi kuilaumu kwa kuifanya. Ongeza kwamba mtumishi wa mashine huja kila siku kukwangua taka inayoelea juu, akitumia kijiko cha chuma. Ongeza mkondo wa pampu usiotulia. Ngozi inapasuka mahali, bati linashika, na kuanzia hapo ni kula tu.

Viwanda vilivyomimina lehemu mpya katika vyungu vya zamani viliona ajabu. Panga za pampu zilizokuwa zikidumu miaka zilibaki vipande ndani ya miezi. Midomo ya wimbi ikatoboka. Mashine iliyokuwa ikitoa wimbi tambarare ikaanza kutoa wimbi la kuchechemea. Na waliochelewa kukagua walikuta ukuta wa chungu umekuwa mwembamba, na lehemu ya moto, mamia ya kilo, ikatafuta njia ya kutoka. Ni ajali ambayo sitaki hata kuiwazia. Angalia ni sehemu gani zilizotangulia kufa: pampu na midomo, mahali pa mkondo mkali. Kikombe kilichokorogwa.

Chuma kilicholiwa nacho hakipotei. Kinazunguka ndani ya lehemu kwa sura ya vijiti vidogo sana, vile vya atomu moja na mbili, vigumu, visivyoyeyuka kwa joto la chungu. Vijiti hivyo vikipanda na wimbi vinanasa kwenye bodi, kiungo kinatoka na mikwaruzo, na vikilala kati ya miguu miwili vinaunganisha visivyotakiwa kuungana. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kazi hii, J-STD-001, kimeweka chuma kisizidi asilimia 0.02 katika lehemu ya chungu. Katika kilo 400, hizo ni gramu 80. Gramu 80 za chuma kutoka kwenye pampu yako zimekwisha kukuharibia chungu kizima cha bati na fedha.

Dawa zilipatikana. Wengine walihamia titaniamu, metali ghali ambayo ngozi yake ya oksidi ni ngumu kuivunja kuliko ya chuma kisichoshika kutu. Wengine walirudi kwenye chuma cha kusubu cha kijivu, kile cha majiko mazito ya zamani, ambacho bati halikipendi sana na ambacho ukuta wake ni mnene hata kikiliwa. Wengine waliingiza naitrojeni katika uso wa chuma ili uwe mgumu, au wakakipaka kauri. Kupaka ni dawa ya hatari kidogo kwa maoni yangu, maana mkwaruzo mmoja wa kijiko cha mtumishi unafungua mlango, na mlango mdogo ni mbaya kuliko ukuta wote ulio wazi: bati lote linashambulia hapo hapo.

Tatizo la namna hii si la elektroniki tu. Mabati ya nyumba zetu ni chuma kilichotumbukizwa katika zinki iliyoyeyuka, kwa joto la nyuzi 450 hivi, na chungu cha zinki chenyewe mara nyingi ni cha chuma. Zinki inakila kidogo kidogo kila siku. Wenye kazi hiyo wanajua kwamba joto likikaribia nyuzi 490 ulaji unakuwa wa fujo, kwa hiyo wanaulinda moto wao usiku na mchana, na chungu wanakihesabu kama mkulima anavyohesabu mbolea, gharama ya msimu. Nataka uushike mtazamo huo: chungu kinaliwa, mwenye kiwanda anajua, ameweka pesa ya kingine.

Sasa nirudi kwenye biti, kwa sababu mafundi wa mtaani wananisikiliza na wanasema, bwana, mimi sina chungu cha kilo mia nne. Sawa. Lakini biti yako ni kiwanda kidogo. Ndani yake ni shaba, kwa sababu shaba inapitisha joto vizuri. Lakini bati linaipenda shaba kupita kiasi, lingeimaliza mara moja, kwa hiyo juu ya shaba kumewekwa koti la chuma, unene wake sehemu chache za kumi za milimita moja. Juu ya koti hilo, kwenye shingo, kuna kromiamu ili lehemu isipande juu. Pale mbele pameachwa chuma kilichopakwa bati tayari. Uhai wote wa biti ni lile koti. Likitoboka, hata kwa tundu la sindano, bati linaingia ndani na kuikuta shaba, na shaba inaondoka haraka mno. Hilo ndilo shimo uliloliona kwenye kopo. Ganda la chuma limebaki, ndani mmeliwa.

Na ni nani anayelitoboa? Hapa nitasema ukweli ingawa utawaudhi rafiki zangu wa Nyeri na Karatina. Mara nyingi ni fundi mwenyewe, kwa msasa na kwa tupa.

Tabia hiyo haikutoka kwa ujinga. Imetoka kwa babu zetu wa jua kali, mafundi wa karai, mifereji na matangi, ambao solda yao ni kichwa cha shaba tupu kilichotiwa mpini na kupashwa moto kwenye jiko la makaa. Kichwa kile kikiliwa na bati, fundi anakipiga tupa, anakinoa, anakipaka bati upya, na kinaendelea. Ni akili nzuri kabisa, kwa maana kichwa ni shaba mpaka ndani. Kijana aliyefunzwa na mafundi hao, au aliyefunzwa na aliyefunzwa nao, akipewa biti ya kisasa iliyokuwa nyeusi na isiyoshika lehemu, mkono wake unakwenda kwenye msasa wenyewe. Anasugua mpaka ing'ae. Inang'aa! Kwa dakika hiyo inafanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Lakini ameondoa nusu ya koti, na kabla ya wiki kwisha shimo linaanza.

Weusi wenyewe unatoka wapi? Unatoka kwenye kuacha solda ikiwaka kutwa nzima ikisubiri wateja. Solda za bei rahisi hazina kidhibiti cha joto. Ukizichomeka kwenye stima ya volti 240 zinapanda mpaka zichoke zenyewe, na zikikaa bila kazi ncha inapita nyuzi 400 bila shida. Joto hilo linachoma flaksi iwe masizi, linakitia chuma oksidi, lehemu inakataa kushika. Fundi anadhani biti imepungua nguvu, anaongeza moto kama ana kituo chenye kidhibiti. Moto unaongeza weusi na unaongeza ulaji. Kisha msasa. Kazi yenyewe nayo imezidi kuwa ngumu, kwa maana kila simu mpya anayoifungua imelehemiwa kiwandani bila risasi, inadai joto zaidi kuliko waya ulio mkononi mwake.

Ushauri ni mfupi. Nunua kituo chenye kidhibiti kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kupendeza. Kitajilipa kwa biti. Fanya kazi kwenye nyuzi 330 au 350, na kama kiungo hakishiki, tafuta biti pana zaidi badala ya moto zaidi, kwa sababu mara nyingi kinachokosekana ni njia ya joto kupita. Safisha kwa sponji yenye unyevu kidogo, au kwa nyuzi za shaba nyeupe zilizosokotwa, basi. Ukimaliza kazi acha tone la lehemu kwenye ncha, uzime. Tone hilo ndilo kifuniko chake usiku kucha. Waliozoea kupangusa ncha ikawa safi kabisa kabla ya kuzima wanaiacha uchi kwenye hewa. Na ile asidi ya mafundi wa mabati isikaribie biti yako wala bodi ya mtu.

Kwa wale wenye vichwa vya shaba, kuna hila ya zamani ninayoipenda sana. Kampuni ya Multicore ya Uingereza ilitengeneza lehemu iitwayo Savbit, ambayo ilitiwa shaba asilimia moja na nusu makusudi. Bati linalofika kwenye biti likiwa limekwisha kushiba shaba halina hamu tena. Chai iliyotiwa sukari tayari.

Nimesema mambo haya yanamhusu hata asiyeshika solda, nami nataka nilitimize hilo. Hapa Nyeri tuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoanza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi kwa nguvu ya harambee na kikawa chuo kikuu kamili Desemba 2012. Ndani ya bustani yake ya sayansi na teknolojia ipo Semiconductor Technologies Limited, kampuni iliyoanzishwa na Anthony Githinji, inayotengeneza chipu. Mei 2024, Rais Ruto alipokuwa Washington kwa ziara ya kitaifa, Marekani ilitangaza dola milioni 1.3 za upembuzi yakinifu kwa ajili ya kampuni hiyo. Mbali kidogo na mlima, Athi River, kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Oktoba 2023. Haya ni mambo ya kujivunia, na mimi najivunia.

Lakini wanasiasa na magazeti wanapiga picha chipu. Hakuna anayepiga picha chungu. Nami nasema kazi ya elektroniki itasimama au itaanguka kwenye chungu, kwenye pampu, kwenye mdomo wa wimbi, kwenye mtu anayejua kupima unene wa ukuta kila baada ya miezi michache na kupeleka kipande cha lehemu maabara kupimwa chuma kilichomo. Chipu bora ya Nyeri ikiwekwa kwenye bodi iliyopita katika chungu kilichojaa vijiti vya chuma itarudi kwa mwenye duka kama bidhaa mbovu, na atakayelaumiwa ni Nyeri. Wahadhiri wa Kimathi na walimu wa Nyeri National Polytechnic, wanafunzi wenu wanajua kuchora saketi vizuri. Wapeni pia kipande cha chuma, sufuria ya bati la moto na mizani, wakione chuma kikipungua kwa macho yao. Maabara hiyo haihitaji pesa nyingi.

Na kwako wewe uliyeweka akiba, mwenye chama au mwenye sako, unayefikiria kuanzisha karakana ya chaja au ya taa za sola pale Karatina au Meru: utaletewa mashine ya wimbi ya mtumba kutoka ng'ambo, nzuri, iliyopakwa rangi upya, kwa bei ya kushawishi. Huenda inauzwa kwa sababu ni ya enzi ya risasi. Uliza chungu ni cha chuma gani. Uliza kilikuwa kikipika lehemu ipi, maana mabaki ya risasi kwenye kuta yatachafua lehemu yako mpya na bidhaa yako haitaingia Ulaya. Omba pampu itolewe uione, upitishe kidole kwenye kingo za panga zake. Muuzaji akikataa kuitoa, mwachie mashine yake.